Hazel Oldroyd na Msichana Aliyeandika kwa Kidole

Hazel Oldroyd alikuwa mtu wa kuuliza. Si kwa umbeya, maana mmbea huuliza ili apate cha kupeleka mbele. Hazel aliuliza, kisha akanyamaza, akakutazama kwa yale macho yake ya kijivu mpaka ukajikuta unasema jambo ambalo hukuwa umelipanga. Tulifundisha shule moja, Thornley Bank, kule Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, mimi kemia na yeye jiografia, na kwa miaka mingi tuligawana ofisi ndogo iliyonuka kahawa na makoti mabichi. Wanafunzi walimwita Madamu Kwa-Nini. Alilijua jina hilo na lilimfurahisha.

Mbali na kufundisha, alikuwa mlezi wa mwaka wa kumi na moja, wale watoto wakubwa ambao ikifika Mei wanafanya GCSE, mitihani ya taifa ya kumaliza sekondari. Ukitaka kuona wazazi wa Barnsley wamebadilika rangi, taja mitihani hiyo. Mtoto aliyekuwa anakula vizuri anaanza kuchezea chakula, baba aliyekuwa mpole anaanza kufoka kwa sababu ya simu, na mama ananunua kalamu za rangi kana kwamba rangi ndizo zinazofaulu. Hazel aliwabeba wote. Asubuhi za mitihani aliwapikia wanafunzi tosti na maharage ya kopo kwenye mkahawa wa shule. Aliyechelewa alimfuata kwao kwa gari lake bovu, akagonga mlango mpaka jirani atoe kichwa dirishani. Na alikuwa na tabia ya kuwapigia wazazi simu bila sababu.

"Amefanya nini tena?" mzazi angeshtuka.

"Hajafanya kitu, kipenzi. Nataka tu kujua, akiwa nyumbani anasomea wapi?"

"Anasomea wapi? Sijui. Kitandani, nadhani. Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna. Na huyo mbwa ninayemsikia, analala naye humo humo?"

Mzazi alicheka, na baada ya hapo mazungumzo yakaenda mbali. Ndivyo Hazel alivyojua nani analala sebuleni, nani analea wadogo zake, nani hana meza ya kuwekea daftari. Aliyekosa nafasi nyumbani alifunguliwa maktaba baada ya masomo, na chai alipikiwa.

Sasa, mwaka ninaotaka kuusimulia, Novemba, tulifanya mitihani ya majaribio. Tulipoanza kusahihisha, mwalimu wa historia akaingia ofisini na karatasi mkononi.

"Bryony Thackray," akasema. "Jina tu. Hakuna kingine."

Mwalimu wa Kiingereza naye akaja. Jina tu. Nikaenda kupekua zangu za kemia, nikakuta hivyo hivyo: jina zuri, limeandikwa kwa mwandiko ulionyooka, kisha weupe mpaka ukurasa wa mwisho. Na huyu Bryony hakuwa mtoto wa mchezo. Darasani alikuwa mkimya, lakini ukimuuliza swali anajibu, na jibu lina akili.

Kila mtu akawa na maelezo yake. Mwalimu wa historia akasema kiburi. Mkuu wa shule, Bwana Fairclough, akasema uvivu, aitwe mzazi. Mimi nikasema ni simu, anakesha nayo halafu anasinzia mtihanini.

"Alisinzia?" Hazel akauliza.

"Sijui. Sikuwa msimamizi."

"Basi tumuulize aliyekuwapo."

Msimamizi wa mitihani alikuwa Bi. Pickersgill, mama mstaafu aliyefanya kazi benki zamani, mwenye viatu visivyotoa sauti. Hazel alimkuta anamalizia biskuti kwenye chumba cha walimu.

"Kulala? Hata," akasema Bi. Pickersgill. "Yule mtoto alifanya kazi muda wote. Ndiyo maana sikumsogelea. Nilipopita karibu ndipo nikaona kalamu iko mezani, na yeye anaandika kwa kidole."

"Kwa kidole?"

"Kidole kikavu, juu ya karatasi. Mstari kwa mstari. Akifika mwisho wa ukurasa anafunua. Nikadhani ndiyo namna yake ya kujiandaa, kwamba ataandika baadaye."

Nilimwona Hazel anavyobadilika sura. Wengine tungehuzunika au tungekasirika, yeye alikuwa kama mtu aliyeokota jiwe njiani akaligeuza na kukuta chini yake kuna rangi ambayo hajawahi kuiona. Siku hiyo hakula chakula chake cha mchana.

"Ana majibu," akaniambia. "Anayo yote, anayaandika, halafu hataki yabaki. Kwa nini?"

Alimwita Bryony. Mimi nilikuwa nasahihisha mezani kwangu, na Hazel akamuuliza msichana kama anajali mimi kuwapo. Akasema hajali. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele nyekundu amezibana nyuma, mikono ya sweta ameivuta mpaka kwenye vidole.

"Sikukuita kukugombeza," Hazel akasema. "Nina hamu tu ya kujua. Ulikuwa unaandika nini kwa kidole?"

Bryony akawa mwekundu hadi masikioni. "Majibu, Madamu."

"Yalikuwa mazuri?"

"Mengine."

"Kwa nini hukutumia kalamu?"

Hazel akanyamaza kama kawaida yake. Lakini safari hii kimya hakikufua dafu. Msichana alitazama zulia.

"Sijui, Madamu. Kweli sijui."

Alipotoka nikamwambia Hazel, "Umepata mwenzako. Na yeye anajua kunyamaza."

"Anajua," akajibu, "ila bado hajajua kwamba anajua."

Jioni ya wazazi ikafika wiki hiyo hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu, isiyo na haraka, inayokulowesha bila wewe kutambua. Ukumbi ulijaa, kila mwalimu na meza yake, wazazi kwenye foleni. Mama yake Bryony, Lorna, alikuja na sare ya kazi. Alikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wazee na alitakiwa kuwahi zamu.

"Mume wangu yupo nje," akasema. "Amenileta."

"Mbona haingii?"

"Clive? Aingie humu?" Lorna akacheka. "Hajawahi kukanyaga ndani ya ukumbi huu tangu aache shule. Bryony akiimba kwaya, baba mtu anasikilizia kwenye gari. Nimeshamzoea."

Hazel akaomba radhi kwa foleni yake, akachukua mwavuli, akatoka. Nilimwonea huruma yule mzazi aliyekuwa anafuata, nikaenda kumzungumzisha mambo ya kemia.

Yaliyotokea kule nje alinisimulia mwenyewe. Gari la Clive Thackray lilikuwa kwenye maegesho, la kazi, limejaa ngazi juu, maana alikuwa fundi wa mapaa. Hazel akagonga kioo. Clive akashusha, harufu ya chipsi na siki ikatoka.

"Amefanya nini?" akauliza.

"Hakuna. Mvua inaninyeshea tu. Naweza kuingia?"

Clive akaondoa nyundo na magazeti kwenye kiti, akamkaribisha, akamsogezea chipsi. Alikuwa mtu wa mabega mapana na mcheshi, wa kutaniwa na kutania. Wakala pamoja. Wakazungumza juu ya paa la shule, ambalo Clive alisema aliyeliezeka alikuwa adui wa nchi. Kisha Hazel akauliza.

"Kwa nini huingii ndani?"

"Ah, hiyo? Hiyo ni hadithi ya kuchekesha. Lorna hajakusimulia? Basi sikiliza." Clive akafuta mikono kwenye suruali. "Nilisoma hapa hapa mimi. Mwaka wa kumi na moja, majaribio ya jiografia. Swali: kwa nini watu huhama vijijini kwenda mijini? Nikaandika, kwa sababu basi la kwenda mjini lipo kila saa, la kurudi halipo."

Hazel akaangua kicheko, hakuweza kujizuia.

"Umeona? Inachekesha! Basi yule mwalimu wetu, jina lake tuliache, kesho yake asubuhi ametukusanya mwaka mzima ukumbini, akanisimamisha, akaisoma. Kwa sauti yangu, anaigiza, unaelewa? Watu walicheka, bwana! Wakawa wananiita Basi. Mpaka leo nikienda kunywa bia kuna jamaa ananiambia, Clive, basi limeshapita?" Akacheka mpaka gari likatikisika. "Mitihani yenyewe sikuja. Nikaenda kufanya kazi na mjomba. Na ukumbi ule, sijui, miguu tu haitaki."

Hazel akachukua chipsi moja, akaiangalia.

"Mimi ningekupa maksi," akasema.

"Nini?"

"Kwa jibu lile. Usafiri ni sababu ya kweli. Ningekupa moja, na kama ungeeleza kidogo, mbili."

"Usinitanie, Madamu."

"Sikutanii. Na Bryony anaijua hadithi hii?"

"Anaijua? Ananishinda kuisimulia! Tangu yupo mdogo. Krismasi haipiti bila hiyo. Anapanda kiti, anamwigiza mwalimu, sisi hoi."

Hazel aliniambia kwamba pale ndipo alipoirudisha chipsi yake kwenye karatasi.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Bryony kwenye ngazi za maabara yangu. Hakumpeleka ofisini. Akaketi naye pale pale kwenye ngazi.

"Jana baba yako alinisimulia habari ya basi."

Bryony akatabasamu. "Alifanya na sauti?"

"Alifanya. Wewe ukiisikia, unajiona nani? Yule anayesoma au yule aliyesimamishwa?"

Nilikuwa mlangoni na trei ya chupa, na nilimwona yule msichana anavyoacha kutabasamu, taratibu. Alivuta mikono ya sweta.

"Karatasi ikiwa tupu hakuna cha kusoma," akasema. "Watasema mvivu. Sawa. Lakini hawana cha kunicheka." Kisha akawa kama aliyeshangazwa na maneno yake mwenyewe. "Usimwambie baba. Tafadhali, Madamu. Anaipenda sana hadithi ile."

Hazel akaahidi. Na hapo akawa amejifunga. Alikuwa ameshajua sababu, lakini kujua peke yake hakumfanyi mtu aandike hata neno moja. Akaanza na msichana. Kila Jumatano baada ya masomo alimpa karatasi na swali, na Bryony akaandika kwa kalamu, kisha akaichana mwenyewe na kuitupa kabla mtu hajaiona. Hilo ndilo lililokuwa sharti: hakuna anayesoma. Mara ya kwanza aliandika sentensi moja akaichana vipande vidogo kama mchele. Baada ya Krismasi akawa anajaza ukurasa. Siku moja ya Februari akasahau kuchana, akaacha karatasi mezani, akachukua mkoba. Hazel akamkimbilia kwenye ujia.

"Hii niichane au niisome?"

Bryony akafikiri. "Isome. Halafu ichane."

"Na nikikuta kosa?"

"Niambie. Ila polepole."

Kwa wazazi Hazel alikuwa na swali jingine. Kama Clive alikuwapo mmoja kwenye maegesho, je, wale wasiokuja kabisa walikuwa wangapi? Akawapigia simu, akakuta wengi wanaogopa shule kuliko watoto wao wanavyoiogopa. Ndipo akamwendea Bwana Fairclough na wazo la kuwaita wazazi wafanye mtihani.

"Wazazi? Wafanye mtihani?" Bwana Fairclough akashika kichwa. "Hazel, hawaji hata kwa chai ya bure."

"Hawaji kwa sababu tunawaita kuwahutubia. Tuwaite wakae walipokaa watoto wao. Karatasi fupi, hakuna jina, hakuna maksi, kila mtu anaondoka na yake."

"Na wakikasirika?"

"Tutajua kwa nini."

Walikuja. Si wote, lakini zaidi ya kawaida, labda kwa sababu ya kushangaa. Bi. Pickersgill alisimamia kwa ukali ule ule, akawanyang'anya simu mpaka baba mmoja polisi. Wanafunzi wachache, Bryony akiwamo, walikuwa mlangoni wakipanga vikombe vya chai na kuwacheka wazazi wao kwa kunong'ona.

Lorna alimleta Clive kwa nguvu. Alifika mlangoni, akasimama. Nilikuwa karibu nikasikia.

"Ndiyo huu huu," akasema. "Hata mapazia ni yale yale."

"Clive, watu wanataka kupita," Lorna akamwambia. "Ingia au upishe."

Akaingia. Akakaa dawati la katikati, magoti hayaingii. Saa ya ukutani ikaanza kusikika, kama inavyokuwa watu wengi wakinyamaza pamoja. Baada ya muda kidogo niliona Clive ameinama, anaandika. Na mkono wake wa kushoto, ule mkono mkubwa wa kubebea vigae, ameuzungusha mbele ya karatasi kama ukuta, kichwa amekilaza juu yake, asije mtu akaona.

Bryony naye aliona. Aliweka kikombe chini. Akavuka ukumbi katikati ya kimya, Bi. Pickersgill akainua kidole kumzuia, halafu akakishusha. Msichana akachuchumaa kando ya dawati la baba yake.

"Baba, hakuna anayetazama."

"Najua," Clive akanong'ona bila kuondoa mkono.

"Mbona unaficha?"

Clive akatazama mkono wake kana kwamba umewekwa pale na mtu mwingine. "Sijui, binti yangu. Umekwenda wenyewe."

"Mimi siwezi kuandika humu," Bryony akasema. "Zile karatasi za Novemba. Nilikuwa naogopa watazisoma kwa sauti."

Ukumbi mzima ulikuwa unasikia, na ukumbi mzima ulijifanya hausikii. Clive aliweka kalamu. Lorna, nyuma yake, akainuka nusu.

"Ile haikuwa ya kuchekesha," Clive akasema. "Unajua? Niliifanya ichekeshe. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani siku ile. Hiyo sehemu sijawahi kuisimulia."

"Kwa nini?"

"Ingeharibu utani."

Mama mmoja dawati la mbele akapenga kamasi kwa nguvu, na baba polisi akauliza kama swali la nne lina jibu moja au mawili. Bi. Pickersgill akasema kuzungumza ni marufuku, na watu wakacheka, Clive pia.

Nisidanganye, mambo hayakunyooka siku hiyo hiyo. Machi tulifanya majaribio ya mara ya pili, na Bryony akarudisha karatasi ya hesabu tupu, nyingine zimejaa nusu. Alilia chooni na Hazel akakaa nje ya mlango wa choo anamuuliza habari za paka wao. Baadaye tukapata kibali afanyie mtihani kwenye chumba kidogo, yeye na wenzake wachache ambao ukumbi uliwashinda kila mmoja kwa sababu yake. Nyumbani Clive alichukua kazi ya kumtegea saa na kukaa naye mezani. Akawa anajibu maswali yale yale upande wa pili wa meza, kisha wanabadilishana. Aliniambia kwenye duka la magazeti kwamba sasa anajua mambo ya mito ambayo hayatamsaidia kitu maishani, na hawezi kuacha kuyawaza akiwa juu ya paa.

Mei ikaja na joto la ghafla. Kila asubuhi ya mtihani Bryony alikula tosti ya Hazel na kuingia chumbani. Bi. Pickersgill ndiye aliyekuwa huko. Siku ya kwanza, Kiingereza, alitoka akapita kwenye ujia, akamwonyesha Hazel kidole gumba kutoka mbali bila kusema kitu. Kidole kilikuwa cheusi kwa wino.

"Kwanza aliandika nini?" Hazel akamuuliza Bi. Pickersgill.

"Siruhusiwi kusoma, na wewe huruhusiwi kuuliza," akajibu yule mama. "Ila aliomba karatasi za nyongeza."

Matokeo hutoka Alhamisi moja ya Agosti. Bryony alifaulu Kiingereza vizuri sana, historia na jiografia vizuri, kemia yangu kwa shida, Kifaransa akaanguka, na hesabu ikamponyoka kwa maksi chache. Lorna alilia kwa furaha, kisha akalia kwa hesabu. Clive alitaka kujua kama mtu anaweza kukata rufaa dhidi ya Kifaransa chenyewe kama lugha.

Chuo kilimpokea kwa sharti la kurudia hesabu. Alirudia Novemba, na Januari, siku ya baridi kali, alikuja shuleni na koti kubwa la baba yake, akatukuta ofisini.

"Nimepita," akasema.

Hazel akainuka, akamkumbatia, kisha akamshika mabega, akamsogeza kidogo amwone vizuri.

"Na swali gani lilikuwa gumu?"

"La mwisho. Lile la pembe."

"Ulifanyaje?"

"Nilikosea," Bryony akasema, "nikakata, nikakosea tena, nikaacha majibu yote mawili pale. Madamu, una chai? Nimetembea kutoka kituoni."

Nikaweka birika. Walikuwa bado wanazungumza juu ya pembe kengele ilipolia.